Usiizime, Narudi

Chumba cha tatu, nyuma ya stoo ya mbao
Jumatatu, tarehe 14

Mpendwa shemeji Kidole,

Watu wakiandika barua huuliza "u hali gani" halafu wanapita. Mimi nauliza kweli. U hali gani? Kichwa bado kinauma? Kinauma kisogoni au mbele? Na ule mkono wa kushoto, bado unaangusha vitu?

Sisi tupo. Mgongo wangu ni mgongo wa mbeba zege, usiuulize. Binti yangu, mpwa wako, ni mzima, cherehani yake inalia kutwa, na wanawe wawili wanakua kama majani. Dada yako ametimiza wiki nane chini ya udongo. Upande wake wa kabati bado sijaufungua.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanicheka. Nikitaja hospitali unasema, "Shemeji na uoga wako! Gemu tu zimenizidi." Barua huwezi kuikatiza. Isome yote mpaka chini. Shule niliishia la nne, kwa hiyo usitafute makosa.

Hukuja kwenye mazishi. Nilikuwa na kinyongo, nilikisema mbele ya watu, sasa sina tena. Limekwisha hilo.

Sasa nikwambie jambo ambalo hakuna aliyekwambia. Siku dada yako alipopelekwa hospitali alikuwa anacheza Lifti.

Unaikumbuka pale kwenye ukumbi wa gemu nyuma ya kinyozi. Lile sanduku refu lenye kioo kilichopasuka pembeni. Jina lake la kigeni hakuna aliyeweza kulisoma, tukaliita Lifti kwa sababu kila ghorofa inaishia kwenye lifti. Watu wawili, mmoja mwekundu mmoja wa bluu, wanapanda jengo wakipiga majambazi kwa nondo. Ghorofa kumi. Ukizubaa, Mwenye Koti anaingia upande wa kushoto. Hapigwi, hauawi. Akikugusa, kwisha habari yako.

Nyinyi wawili mlikuwa wafalme pale. Dada yako mwekundu, wewe wa bluu. Mimi nilikuwa wa kusimama nyuma na kushika mifuko yenu. Nilimwoa bila kuwahi kumfunga hata ghorofa moja, na alinikumbusha hilo kila tulipogombana.

Halafu ukaleta mashine ya kaseti nyumbani, yenye Lifti hiyo hiyo ya kuchezea kwenye tivii, ile uliyoipata ukiwa fundi gereji. Ulipoondoka ukamwachia. Miaka kumi na tisa ameicheza hiyo hiyo. Na unajua ilivyo ya kaseti. Haitunzi kitu. Ukizima, unaanza upya ghorofa ya kwanza. Kwa hiyo akitaka kwenda sokoni anaisimamisha, anafunika tivii kwa kitenge, anasema, "Usiizime, narudi." Watoto wote wa nyumba hii wamekua wanajua sentensi hiyo kabla ya kujua kusoma.

Ulipomtumia ile mashine mpya ya diski, yenye Lifti iliyotengenezwa upya, alifurahi siku mbili. Mimi nilikuwepo, nitakusimulia alivyosema. Rangi nzuri, alisema. Damu wameitoa. Muziki wameuharibu. Inatunza ulipofika, unazima unalala. Roho wanakupa tisa badala ya tatu. Lakini kwenye diski mwenzako akichelewa, kioo kinasonga na kumwacha. Kwenye kaseti kioo hakisogei mpaka wote wawili wafike. Akairudisha kwenye boksi lake. Akasema, "Hii imetengenezwa na watu wasio na ndugu."

Hukujua, shemeji, kwamba miaka yote hiyo alicheza peke yake na padi mbili, vile vishikio vyote viwili vya vitufe? Anasogeza mwekundu hatua tatu, anaiweka chini, anachukua ya pili, anamleta wa bluu. Nikamwambia, mwache huyo wa bluu afe, utapanda haraka. Akaniangalia kama nimetukana. "Huyo ni kaka. Nimwache kaka kwenye ngazi?"

Na tofauti nyingine ndiyo hii, ishike. Kwenye diski Mwenye Koti akikaribia kinapigwa king'ora, na pembe za kioo zinawaka nyekundu. Kwenye kaseti hapigi kelele. Anakuja tu. Unaona kiatu, basi.

Asubuhi ile dada yako alikuwa ghorofa ya tisa. Hakuna mtu tunayemjua aliyewahi kupita ya tisa kwenye kaseti. Wiki nzima alikuwa analalamika kisogo. Alikuwa ananywa chai akaangusha kikombe. Akacheka, akasema mkono umelala kwa sababu ya padi. Baadaye kidogo akaangusha padi yenyewe. Mpwa wako akasema, "Mama, mdomo wako umekwenda upande." Tukamwinua. Mlangoni akageuka, maneno hayatoki vizuri, lakini hayo yalitoka. "Usiizime. Narudi."

Hospitali wakamfunga ule mkanda wa presha. Muuguzi akasoma namba, akafungua mkanda, akafunga tena, akasoma tena. Halafu akaenda kumwita mwenzake bila kuniangalia. Mimi nikadhani mashine yao mbovu. Jioni ya siku ya pili hakuwepo tena.

Sikuizima.

Wiki nane mashine imewaka chini ya kitenge. Umeme ukikatika, nimeweka betri ya lori inashika. Fundi umeme wa hapa jirani alinifungia huku ananisonya. Kila nikitoka saiti nafunua kitenge kidogo, naangalia. Mwekundu amesimama mbele ya lifti mbili. Wa bluu yuko nyuma yake hatua tano, hajafika. Na kule kushoto, ukingoni kabisa, kuna kiatu cha Mwenye Koti. Kiatu kimoja, kimeshaingia. Nimekiangalia wiki nane. Kuna siku niliapa kimesogea, nikachukua kipande cha mkaa nikapiga alama kwenye kioo. Hakikuwa kimesogea. Lakini nilipiga alama, mimi mtu mzima.

Halafu betri ikaanza kuvimba. Ukuta nyuma ya waya ukawa mweusi. Chumba kikanuka kama mpira unaoungua. Fundi umeme akasema, "Mzee, hapa unalea moto."  Mpwa wako akawahamisha wanawe wakalale upande wa jikoni. Hilo lilinichoma kuliko angenigombeza.

Ndipo ikaja barua yako. Nilikuwa nimekuuliza dada yako angepitaje pale ghorofa ya tisa, sikukwambia kwa nini. Ukajibu mstari mmoja: "Ghorofa ya tisa, lifti ya kushoto, ya kulia ni mtego." Na chini yake, kama mzaha, ukaandika kwamba na wewe umezeeka, kisogo kinagonga kila asubuhi, mkono wa kushoto umeangusha padi mara mbili wiki hiyo.

Nilisoma pale saiti, nimekaa juu ya mfuko wa saruji. Nyapara akaniuliza, "Vipi, umefiwa tena?" Nikamwambia bado.

Jana Jumapili nilikata shauri. Mchana kweupe, mlango wazi, fundi umeme amesimama na koleo lake. Nilitaka nimmalizie dada yako ghorofa ile, halafu nizime kwa heshima. Lakini nilijua vidole vyangu. Kwa hiyo asubuhi nilitoa mashine yako ya diski kwenye boksi, nikafanya mazoezi. Roho tisa zote nilizimaliza, nikaanza tena, nikafika ya tisa. Nikaingia lifti ya kushoto. Ikapanda vizuri. Nikasema, Kidole anajua.

Nikafunua kitenge. Mpwa wako akakaa pembeni yangu, pale alipokuwa anakaa mama yake. Nikabonyeza.

Shemeji, ule muziki. Wiki nane umekaa kimya, ukaanza katikati ya noti kama mtu aliyekatizwa anaongea. Nikampeleka mwekundu kushoto, lifti ya kushoto. Mlango ukafunguka. Hakuna sakafu ndani. Akaanguka. Hakupiga kelele, ulibaki mlango tu wazi na giza. Ilikuwa roho yake ya mwisho.

Kwenye kaseti mtego uko kushoto. Kwenye diski wamegeuza.

Sikulaumu. Ulisema kwa unayoijua, ya diski. Na mimi nilihakikisha kwa hiyo hiyo ya kwako, nikajiona mjanja. Wote wawili tulidhani gemu ni moja.

Nilitaka kuweka padi chini. Nimemuua mara ya pili, ndivyo nilivyoona. Mpwa wako ndiye aliyepiga kelele.

"Baba, mjomba! Mjomba bado yupo!"

Wa bluu. Amesimama peke yake, na kile kiatu kimekuwa miguu miwili, na koti lote limeingia. Kimya. Hakuna king'ora.

"Padi nyingine, baba! Hiyo si yake!"

"Iko wapi?"

"Umeikalia!"

Nilikuwa nimeikalia. Nikaitoa, waya umejifunga mguuni. Vidole vyangu vimepasuka kwa saruji, vile vitufe sivisikii. Nikamrusha kuelekea huko huko kwa Mwenye Koti.

"Siyo huko! Kulia, baba, kulia! Mkimbize mjomba!"

Fundi umeme naye kaachia koleo, anapiga kelele, "Ruka, mzee! Ruka!" Mtu aliyekuja kutukatia waya.

Akaruka. Akavuka lile shimo la kushoto alimoanguka dada yake. Lifti ya kulia ikafunguka, sakafu ipo. Akaingia. Mwenye Koti alifika mlangoni, nusu hatua, ncha ya koti ikabanwa na mlango ulipojifunga. Halafu lifti ikaanza kupanda. Namba ya tisa ikazimika, ya kumi ikaanza kuwaka.

Hapo nikachomoa waya.

Mpwa wako aliniuliza kwa nini, tumebakiza ghorofa moja tu duniani. Jibu nakupa wewe. Sijui ghorofa ya kumi kuna nini. Mimi si mchezaji, ningekuua juu kule. Nimekuacha ndani ya lifti, mlango umefungwa, mzima. Hapo ndipo mkono wangu unapoishia. Kilichobaki huwezi kuchezewa na mtu mwingine.

Usiniambie presha yako si kama ya dada yako. Inawezekana. Labda yako ni ya diski, yenye roho tisa. Labda itakupigia king'ora kwanza. Ya mama yenu haikupiga, alianguka akianika nguo. Ya dada yako haikupiga. Dada yako aliangusha kikombe, wewe umeangusha padi. Hicho ndicho kiatu, shemeji. Hakuna kingine kitakachokuja mbele yake.

Kapime presha. Si mwisho wa mwezi, si ukipata nafasi. Ukimaliza kusoma hapa, vaa viatu.

Mashine ya kaseti imepoa. Ilichukua mpaka leo asubuhi. Nimeifunga kwenye kitenge cha dada yako pamoja na padi zote mbili. Betri fundi umeme kaichukua akaitupe mbali. Ukuta nitaupaka chokaa. Watoto wamerudi kulala upande wao.

Mpwa wako anakusalimu, anasema usijifanye shujaa, mashujaa wa familia hii wameshatosha. Wanawe wanakusalimu, wanakuita Babu Bluu, wala si mimi niliyewafundisha. Fundi umeme anakusalimu ingawa hamjuani, anasema uliruka vizuri. Nisalimie mkeo, na umpe barua hii asome na yeye. Hilo si ombi.

Mungu akufungulie mlango wenye sakafu.

Mimi shemeji yako nikupendaye, nisiyejua kulisema ila kwa karatasi,

Mshika Mifuko

Tena: usinijibu kwa maneno, maneno yako nayajua. Watakupa karatasi yenye namba mbili, moja juu moja chini. Nitumie hizo namba. Ikipita wiki mbili sijaziona, nitaichomeka tena ile mashine. Itaanza ghorofa ya kwanza, wote wawili wamesimama pale chini, roho tatu tatu. Na mimi sijui kucheza.