Meza ya Winnie Bado Haijaisha, Baba

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko.

Mlio huo ulitoka bandani kwako Jumatatu asubuhi, na ungo wa mchele ukamponyoka Mama uani. Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Mzee wetu Januarius Mabula, na mwaka mzima hakuna aliyeishika nyundo yako ya mti.

"Nani huko?" Mama aliita.

"Ni mimi, mayu," mwanao Luhaga akamjibu mama yake kutoka ndani.

"Mungu wangu! Siku nyingine ukohoe kwanza, utaniua na mimi!"

Hapa Bariadi wengi wana meza zako ndogo. Ulimpa mkunga, ulimpa katekista alipohamishwa, ulimpa kila binti wa ukoo aliyeolewa. Mtu akikuuliza bei ulimjibu, "Subiri uoe." Kabla ya kuanza uliipapasa mbao kwa kiganja taratibu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe mkorofi, penseli ikiwa sikioni, na chai ya rangi ikipoa pembeni bila kuguswa.

Meza ya Winnie, kitindamimba wako, uliiacha juu ya benchi. Miguu ipo. Uso umelainika kwa msasa. Katikati ulishachonga vitundu vitano vya petali za ua la pamba, vikingojea kupachikwa vipande vya pembe nyeupe. Winnie anaolewa Jumamosi hii, anakwenda Maswa.

Unamjua mwanao Luhaga. Atabishana na dereva wa lori, na mwenyekiti wa mtaa, hata na padri kuhusu mahubiri yake. Mbele ya meza ile aliishika nyundo yako, akaiweka, akaishika tena. Ulipomwita umfundishe alikaa siku tatu. Aliona pembe ya ng'ombe inavyochemshwa ilainike, inavyobanwa kati ya mbao iwe bapa, inavyokatwa kwa msumeno mwembamba. Siku ya nne akasema ameshajua. Ulimwambia, "Bado sijamaliza, kijana." Alikuwa ameshafika barabarani.

Jumatatu hiyo alichemsha, akabana, akakata, na kabla jua halijashuka petali tano zilikuwa mahali pake kwa gundi, zimekaa sawasawa. Mwanao Nyamizi alipiga picha akaituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Shangazi Milembe wa Mkula alijibu kwa vigelegele vitupu, dakika nzima.

Jumatano Mama alipitisha kitambaa afute vumbi. Petali moja ikatoka nacho. Akaigusa ya pili, ikacheza kama jino la mtoto. Pembe ilikuwa bado na maji ndani. Ilipoanza kukauka, ikasinyaa.

"Baba yako alikuwa akizitundika juu ya jiko miezi miwili zikauke," Mama alisema. "Nilikuwa nazigonga kwa kichwa kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Si ulisema unajua?"

Hofu yenyewe ilianzia hapo, Baba. Petali nne zilizobaki nazo zilikuwa mbichi, ilibidi zing'olewe kwa patasi, kwenye kingo ulizozichonga wewe. Ukingo ukimeguka, wa kuurudisha hayupo. Winnie aliishika miguu ya meza. Luhaga aliingiza ncha ya patasi, akaitoa, akafuta uso, akaanza tena.

"Usipumue," alimwambia Winnie.

"Sijapumua tangu saa mbili, kaka. Fanya haraka au mnizike na gauni langu."

Hakuna aliyecheka. Ya pili ilitoka. Ya tatu ilitoka na ungaunga wa mbao, na Luhaga akakaa chini kabisa, kichwa kati ya magoti, mpaka Mama alipopitisha ukucha wake ukingoni na kusema pamebaki pazima. Ya mwisho ilichukua karibu saa nzima.

Sasa imebaki pembe moja tu ya rangi ile. Luhaga aliinyakua. "Naichemsha leo leo, naianika kwenye bati. Au nijaze gundi na vumbi la mbao, nipake rangi. Ukumbini nani ataona?"

"Watu wa ukumbini wataondoka jioni," Winnie alisema. "Nitakayekaa nayo ni mimi."

Luhaga aliiweka pembe chini. Kisha akasema, "Naogopa." Hatukuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, hata siku tulipokuzika.

"Hata mimi," Winnie alisema. "Naogopa utaniharibia na hiyo moja."

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili. Wanaokukumbuka ni mkeo Felisita. Wanao Nyamizi, Luhaga na Winnie. Dada yako Milembe. Wajukuu zako, majirani, na wote wenye meza yako nyumbani. Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, Baba.

Ila na hili ulisikie, maana Luhaga alimwambia Winnie kwa sauti kubwa, mbele yetu sote:

"Mdogo wangu, Jumamosi utakwenda Maswa bila meza. Mtu akiuliza, nitasimama mimi niseme ni kosa langu. Pembe hii, ikishachemshwa na kubanwa, itakaa juu ya jiko miezi miwili, na sitaigusa hata siku moja kabla. Halafu meza nitakuletea mwenyewe."