Saba Juu ya Saba

Kwa mwanangu Serwaa, chuoni Cape Coast,

Mimi mamako mdogo, malkia wa wali na maharage hapa Kumasi, mwenye darasa la nne lililofika Lagos na Abidjan kwa biashara, sijambo. Pilipili imepanda bei, na yule fundi cherehani bado ananichumbia. Namcheka tu.

Jana ulinipigia simu unalia. Eti mhadhiri wenu anapima jinsi wanafunzi mnavyopendana na kudanganyana mtandaoni. Alipouliza nani yuko karibu nawe zaidi, ukanipa alama saba juu ya saba. Alipouliza umedanganya kuhusu nani, ukanitaja mimi tena, maana picha yangu nikiwa jikoni uliwaonyesha wenzako ukasema, "Huyu mpishi wetu."

Futa machozi, mama. Kupika napika, hapo hukukosea! Lakini ndimi niliyekulea, na sijifichi kwa mtu. Jumamosi nakuja, nimevaa kitenge kipya, na sufuria kubwa mkononi. Wenzako watakula mpaka walegee, kisha watakuuliza, "We Serwaa, huyu nani wako?" Mimi nitanyamaza, kazi ambayo sijawahi kuifanya. Utajibu wewe.

Akupendaye bila kupimwa,
Mama Pokuaa