Upande wa Manjano

Katindiuka, Ifakara
12 Machi 1995

Mwanangu Fausta,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama yako amepona homa, nami ni mzima. Natumaini nawe huko chuoni Dar es Salaam hujambo.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Uliligawa jaruba langu la mpunga kule Michenga: upande mmoja ukatia mbolea pamoja na mawe yako ya zeolaiti, upande mwingine mbolea tupu. Ulisema mawe hayo yana vishimo vinavyoishika mbolea ili maji yasiichukue, na kwamba shahada yako ya udaktari wa kemia inategemea jaribio hili. Vema. Lakini upande usio na mawe umekuwa wa manjano, nao ndio ulio kando ya njia! Mabula akipita na ng'ombe wake hupaza sauti: "Mwalimu, mpunga wako nao unaumwa malaria?" Nimefundisha nusu ya bonde hili, sijapata kuwa kichekesho. Nijibu upesi.

Baba yako,
Salvatory

Dar es Salaam
2 Julai 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nisamehe kwa ukimya, maabara imenimeza.

Mpunga ulionitumia nimeupima. Pande zote mbili zimezaa sawasawa. Profesa anasema basi mawe hayana faida, na utafiti wangu utafungwa. Miaka minne nimeyaona mawe haya yakiachia sodiamu na kukamata amonia ya mbolea, shambani yamenikana. Baba, ule upande wa manjano ulipona vipi?

Binti yako,
Fausta

Katindiuka
15 Julai 1995

Mwanangu,

Salamu. Hapa hatujambo.

Unauliza ulipona vipi? Niliuponya mimi! Hukunijibu, nikachukua mfuko wa mbolea ghalani nikaumwagia wote. Mkulima gani husimama akitazama mpunga wake unakufa? Kama kemia ndiyo inayofundisha hivyo, ni elimu isiyo na adabu.

Baba yako

Dar es Salaam
28 Julai 1995

Baba,

Shikamoo. Mwili ni mzima, moyo hapana.

Upande ule ulikaa na njaa kwa makusudi! Bila huo nitajuaje kama mawe yamefanya kazi? Mwanafunzi alipokwama katika mtihani, wewe ulimnong'oneza jibu? Mpunga umeunong'oneza, na aliyefeli ni mimi.

Nimemsihi Profesa, amenipa msimu mmoja wa mwisho. Nitakuja Desemba kupanda. Kama huwezi kuuacha ukiwa na njaa, sema, nikaombe shamba kwa Mabula.

Fausta

Katindiuka
20 Machi 1996

Mwanangu Fausta,

Tumsifu Yesu Kristo. Sote tu wazima, isipokuwa usingizi wangu.

Kwa Mabula! Neno hilo bado linanichoma. Tangu ulipopanda sijatia hata punje moja ya mbolea. Upande wa mawe ni wa kijani mpaka mtu anafumba macho. Ule mwingine sitauelezea. Nimeona aibu hata kuuandika. Ufunguo wa ghala nimemkabidhi katekista Nikodemu na kumwapisha asinirudishie hadi mavuno. Nimekwenda kuuomba mara mbili. Mara ya pili nilimwita mkaidi mbele ya mkewe. Naye akanijibu, "Shikamoo, Mwalimu," akafunga mlango.

Mlete huyo profesa wako mapema aone kwa macho yake. Nikodemu naye ni mkulima kama mimi; sijui atanikatalia mpaka lini.

Baba yako,
Salvatory