Gundi ya Ndege ya Milimani

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Katito sisi wazima. Babu yako anakohoa, lakini bado anabishana na redio. Umeuliza kama niliwahi kumkatalia mkubwa wangu kazini, na kama niliogopa.

Miaka ya sabini daktari mmoja wa mtaa wa Milimani alikuwa akijiundia ndege ya mbao. Kazi yangu ilikuwa kupima kwenye mizani gundi na dawa ya kuigandisha, kisha kuvichanganya. Siku moja dawa ikapungua. Akasema, "Mama, changanya hivyo hivyo, itashika." Nikakataa. Akachanganya mwenyewe, akaunga mbavu za bawa.

Nilichukua masalio ya gundi yake nikabandika vijiti viwili. Kesho yake nikavivunja. Gundi ikiwa nzuri, mti ndio hupasuka. Hii yake iliachia tu. Nikashika patasi nikazibandua mbavu zote, yeye akiniangalia.

"Nitakufuta kazi."

"Nifute, Daktari. Lakini hii hairuki na mtu."

Hakunifuta. Tulingoja dawa mpya mwezi mzima, akiwa amenuna. Ndege ilipokuwa tayari, akaniuliza kama nitaogopa kupanda.

Nikamwambia, "Niogope nini, na gundi nimechanganya mimi?"

Nyanya yako