Chozi Hakusubiri

Mabatini, Mwanza
Jumapili mchana

Mpendwa mke wangu Adventina,

Salamu kutoka huku ng'ambo ya ziwa. Hujambo? Mwanetu Koku je, kikohozi kimemwacha? Na mama, magoti bado yanamsumbua? Mimi afya ninayo, ila utulivu sina. Barua hii naianza mara ya tatu. Nakaa, naandika mstari mmoja, nainuka, natoka hadi barabarani, narudi. Barua yako iko hapa mezani, na ule mstari wa mwisho sasa naujua kwa moyo: kwamba kiangazi hiki kikiisha bila jibu la kueleweka, unamchukua mtoto na kurudi kwa baba yako.

Ngoja nikueleze nilikokuwa. Tangu biashara zifunguliwe kwa kila mtu, hapa Mabatini kila kona ina mashine ya kusafisha picha za rangi. Picha zetu za studio, nyeusi na nyeupe, hakuna anayezitaka. Basi alipokuja Mwalimu Kabula, mama mstaafu anayetengeneza kitabu cha shule cha ndege wa huku, pamoja na wadudu wanaochavusha maua, akitaka nimpigie picha, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Tulianza na minandi pale Kirumba, wale ndege weusi wa ziwani wanaoanika mbawa juu ya mawe, kisha tukahamia vilima vya Kisesa. Huko shubiri mwitu imetoa maua mekundu, na nyuki na ndege wadogo waitwao chozi wanashinda hapo wakifyonza.

Aibu niliyoipata, mke wangu. Miaka yote ya studio imeniharibu mdomo. Kila nikimweka ndege vizuri kwenye kamera, kidole kikiwa tayari, mdomo unasema wenyewe, "Tulia hapo hapo, kidevu juu." Ndege huyo, kaenda. Siku ya kwanza nilimaliza filamu nzima, zikatoka picha za maua matupu.

"Projestus, unaongea na nani?" Mwalimu akaniuliza.

"Na ndege, mwalimu."

"Sasa amekujibu?"

Nikajifanya nafuta lenzi.

"Hawa hawakuja studio, baba. Ukimwambia asubiri, umemkosa."

Juzi nikauma mkanda wa kamera kwa meno ili mdomo ufungike. Chozi akaja, akazamisha mdomo kwenye ua, akautoa, uso umepakwa unga wa njano. Nikabonyeza. Nikampata.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikaa juu ya jiwe, kwa sababu nilikumbuka barua zangu zote kwako. Miaka miwili, Adventina, nakuandikia tulia hapo hapo. Subiri nipate chumba cha pili. Subiri ninunue kitanda. Nilitaka mje mkute kila kitu kimepangwa, kama tunavyompanga mteja mbele ya pazia na koti la kuazima. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya. Nalala nyuma ya studio, chumba kimoja, kinanuka dawa za kusafishia picha, na mvua ikinyesha panavuja upande wa mlango.

Njooni hivyo hivyo. Pandeni meli ya kwanza mtakayoipata, usingoje kushona nguo. Mama atabaki na shemeji yako Deo, nimeshamwandikia na amekubali. Kila meli ya Bukoba ikiingia asubuhi nitakuwa gatini, na kamera nitaiacha nyumbani.

Ndani ya bahasha kuna picha ya chozi, mpe Koku. Akiuliza kwa nini bawa moja limefifia, mwambie hakuwa ametulia.

Nisalimie mama, mpe shikamoo yake. Mkumbuke pia shangazi Verdiana anayewapa maziwa, na jirani yetu fundi baiskeli. Shikamoo yangu imfikie baba mkwe. Mwambie namheshimu sana, lakini chumba chako cha usichana asikufagilie.

Mumeo aliyechelewa kusema,
Projestus