Kona ya Kioo Iliyomegeka

Kabibi Jefwa,
S.L.P. 37,
Watamu.
14 Septemba 1986.

Mpendwa Mjomba Baya,

Shikamoo, Mjomba. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Maskati, na lile joto ulilotuandikia limepungua. Je, mgongo waendeleaje? Sisi huku, kwa rehema za Mungu, tu wazima wa mwili. Mama, dada yako, yuko Junju. Amekwisha vuna mahindi, na anasema mwaka huu panya wamemwachia kidogo. Watoto wamerudi shuleni.

Nimesema wazima wa mwili, maana roho yangu haijatulia. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Sasa hivi nimeinuka kwenda kutazama chungu ambacho hakina kitu ndani. Wewe ndiwe uliyemfundisha mume wangu Jefwa ufundi, na huko wafunga milango ya vioo kila siku, kwa hiyo sioni mwingine wa kumwandikia.

Wajua kwamba mimi ni mpishi katika ile nyumba ya wageni ya mama Mjerumani. Mwenyewe huja mara moja kwa mwaka. Anayeisimamia ni Bwana Maina. Mwezi wa nne ililetwa milango miwili ya kioo ya kuzuia maji yasiruke bafu zima mtu anapooga. Jefwa akapewa kazi ya kuifunga.

Siku ile hakuwa na wa kumsaidia, nikaacha sufuria zangu nikamshikia upande wa chini. Kioo kilikuwa kizito, na mikono yangu ilikuwa na mafuta. Nikakishusha juu ya vigae vitupu, pasipo gunia wala ubao. Kililia mara moja tu, kama kijiko kinapogonga bilauri. Tulipokiinua, kona ya chini ilikuwa imemegeka, kipande kama ukucha wa kidole kidogo.

Jefwa alipitisha kidole pale. “Nyamaza,” akaniambia. “Kona hii itaangukia upande wa bawaba. Hakuna atakayeiona.”

Nikanyamaza, Mjomba. Miezi minne mlango ulifunguka na kufungwa salama, nami nikasahau, au nikajifanya nimesahau.

Jumatatu ya tarehe 25 mwezi uliopita, Nduku alikuwa akisafisha bafu lile. Sijapata kukuandikia habari za Nduku. Ni Mkamba, ametoka Machakos, tumefanya kazi pamoja mwaka wa tatu sasa. Nilipougua malaria mwaka jana ndiye aliyenilisha uji kwa mkono wake. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Nikasikia mshindo, nikadhani tairi la gari limepasuka barabarani.

Nilimkuta amesimama miguu mitupu katikati ya vioo, kitambaa bado mkononi, hathubutu kuinua wayo. Mlango mzima ulikuwa umegeuka chembechembe kama chumvi ya mawe. Damu ilimshuka miguuni ikifuata mistari ya vigae. Nikatupa mataulo chini, nikakanyaga juu yake, nikambeba mgongoni nikamtoa. Kule hospitali alishonwa nyuzi tisa, saba kwenye shavu la mguu na mbili juu ya jicho. Jefwa ameniambia baadaye kwamba kioo cha aina ile kikimegeka ukingo huweza kupasuka chote ghafla hata baada ya miezi, na kwamba kingekuwa kioo cha kawaida cha dirisha, kingemwangukia vipande virefu kama visu, na huenda tungekuwa tunazungumza mengine.

Bwana Maina hakuuliza sana. Alisema kioo hakivunjiki chenyewe, kwa hiyo Nduku ameupiga mlango kwa haraka zake. Akamwandikia mwenye nyumba hivyo, na Nduku akaambiwa asirudi kazini. Mimi nilikuwepo aliposema hayo. Nilikuwa nimeshika sahani. Nikaendelea kuzipangusa zile sahani, Mjomba, hata zilizokuwa kavu.

Siku ya nne nilimpelekea mchuzi chumbani kwake huko Gede. Nilitaraji nitamkuta na hasira, na hasira ningeiweza. Akaniambia, “Kabibi, labda niliupiga kweli. Nimefikiri sana. Nilikuwa na haraka siku ile, labda mkono ulikuwa mzito.”

Alikuwa ameanza kuuamini uongo wetu. Nilirudi nyumbani kwa miguu, magari yakinipita, nisione hata moja.

Nilimwambia Jefwa kwamba ni lazima tuseme. Akaniuliza, “Ukishasema, ni nani hapa Watamu atakayeniita tena kufunga hata dirisha?” Nikamjibu kwamba aliyekishusha kioo ni mimi, nami nitaanza na langu. Akachukua kofia akatoka. Tangu hapo tukawa tunasalimiana tu kama wapangaji wa nyumba moja.

Jumatano nikamwendea Bwana Maina, nikamweleza nilivyokigonga chini. Hakutaka kusikia. “Mama Kabibi, huyo ni rafiki yako, naelewa,” akasema. “Lakini Jumamosi kuna wageni, wana watoto watatu. Wacha mambo ya kioo, tengeneza chakula.”

Watoto watatu! Na mlango wa pili upo bado, umefungwa na mkono ule ule. Nikaenda kuukagua. Nilipiga magoti nikapapasa kingo zote polepole kwa leso, juu hadi chini. Hazikuwa na mmego. Lakini kwenye bawaba ya chini mpira mweusi wa kukinga kioo na chuma ulikuwa umeteleza, skrubu inauma kioo chenyewe, na kila nikiufungua, mlango unakwaruza ukuta. Juu ya mpini wageni walizoea kutundika mataulo mabichi, na mlango ulikuwa umelala upande mmoja kwa uzito.

Nikalifunga bafu, nikatia ufunguo kifuani. Bwana Maina aliudai asubuhi na jioni. Nikamwambia mtoto hataoga humo, na akitaka ufunguo anifukuze kwanza, halafu apate na mpishi wa kuwapikia hao wageni. Sijui ulimi ule niliupata wapi. Siku ile niliunguza wali.

Ijumaa asubuhi Jefwa, aliyekwisha sikia habari za bafu nililolifunga, akaja na sanduku lake la vyombo. Hakunisalimu, alinyoosha mkono tu. Nikampa ufunguo. Akatandika magunia mawili chini, akavaa viatu na glovu, akaung'oa mlango na kuulaza polepole kama mgonjwa. Kisha akamwita Bwana Maina amwonyeshe alama ya skrubu kwenye kioo.

“Huu ningeuacha, ungepasuka,” akamwambia. “Na ule uliopasuka niliufunga nikijua kona imemegeka. Mke wangu alitaka kusema siku ile ile, mimi nikamnyamazisha. Nduku hakupiga mlango.”

Hilo aliloninenea mimi si kweli kamili, Mjomba. Sikutaka kusema siku ile, nilinyamaza kwa hiari yangu. Amenifunika, na kufunikwa huko kunaniwasha kuliko lawama.

Bwana Maina aliipapasa alama ile kwa kidole. Ametundika mapazia ya plastiki katika mabafu yote mawili. Amemwandikia mwenye nyumba barua nyingine, na Nduku ameitwa kazini tena. Jefwa ameambiwa asikanyage pale. Mimi nimebakizwa, sijui kwa huruma au kwa sababu ya wageni.

Nduku nilimweleza mwenyewe, yote, kabla hajasikia kwa watu. Alinitazama, akaingia ndani, akarudisha mlango taratibu sana. Tangu Jumatatu tuko pamoja kazini na maneno yetu ni ya chumvi na sabuni tu.

Jefwa naye hajagusa vyombo vyake tangu Ijumaa ile. Ameketi uani, anachonga kijiti kisichokuwa cha kitu. Nakuomba umwandikie, Mjomba. Usimfiche kwamba amekosa, analijua. Lakini mfundishe tena kama zamani: kioo kipi kinafaa bafuni, fundi akikimega akirudishe kwa nani, na mpira wa bawaba ukaguliwe kila baada ya muda gani. Akiwa na la kujifunza, atainuka pale.

Nilikuwa nimefikia hapo nikabishiwa hodi. Ni Nduku. Hakukaa kitini, aliketi mkekani akanyoosha mguu. “Kuna chembe imebaki humu, chini ya mshono,” akasema. “Naisikia nikitembea. Itoe wewe.”

Nikachemsha sindano, nikatafuta miwani ya Jefwa. Nilikawia, naye akanishika bega mpaka nilipoipata. Ni kitu kidogo mno, hakifiki punje ya mchele. Sasa anakunywa chai hapa mbele yangu na ananicheka kwamba naandika kama hakimu.

Nisalimie mkaza mjomba na mwanao Kazungu, mwambie bibi yake bado anamwekea korosho. Mama anakuombea kila ibada. Mungu aitangulie mikono yako katika kila kioo unachokiinua, na akurudishe kwetu ukiwa mzima. Nduku, usiyemjua, anakusalimu pia.

Mimi mpwa wako nikupendaye daima,
Kabibi