Vitabu Viwili, Baruti Moja

Mjukuu wangu Baraka,

Mlio wa komeo la bunduki likifunguka laini ungali masikioni mwangu. Huku Pearland tu wazima, na mwanangu ameanza kutembea. Najua unacheka kuniita bibi nami nimekuzidi miaka michache tu, lakini ukoo ndivyo ulivyopanga.

Unauliza ufuate kipi kati ya vitabu viwili vya kujazia risasi, maana vipimo vyake vya baruti vinapishana. Nilipoanza kujaza baruti upya kwenye maganda ya risasi nilikwama hapohapo. Kaka yangu, mzee wa kanisa anayepatanisha wanandoa, akasema, "Tukate katikati, dada. Ndoa nimezipatanisha, vitabu vitanishinda?"

"Kaka, baruti haisikii shauri! Itatupasukia usoni."

Nikasoma tena. Baruti ni ileile, uzito wa kichwa cha risasi uleule, ila kila kitabu kilijaribu kichwa cha aina yake. Nikafuata kilichotaja kichwa changu, nikaanza na kipimo chake cha chini, nikapanda kidogo kidogo, kila mara nikifyatua na kukagua maganda kama yamevimba. Kwenye uwanja wa kulenga, matundu ya risasi yaligusana shabahani, na komeo halikukwama, dalili kwamba nguvu haikuzidi. Kaka akapaza sauti, "Haleluya!"

Tiketi yako ya basi kutoka Plano nimekwisha kuikata. Jumamosi tunapima pamoja.

Bibi yako, Neema